Fisi yuko bandani, bunduki iko ndani: maswali ninayoulizwa na majirani

Nafuga mbuzi na kuku Chanika, pale daladala zinapoishia na bodaboda zinapoanza. Upande mmoja wa shamba langu kuna nyumba za watu, upande wa pili kuna vichaka vinavyoelekea msitu wa Kazimzumbwi. Nina bunduki moja ya marisau, yaani vidonge vidogo vya risasi, ya mitutu miwili, na leseni yake. Kwa hilo tu mtaa umenifanya bwana nyama. Naulizwa kwenye kahawa, naulizwa msibani, napigiwa simu saa nane za usiku. Nimeona niyaandike majibu mara moja.

Kwani Dar es Salaam bado ina wanyama wakali?

Anayeuliza hivi huwa anakaa Sinza. Jiji limetambaa mpaka kwenye misitu, na wanyama hawakupewa barua ya kuhama. Mabwepande kuna Pori la Akiba Pande, huku kwetu kuna Pugu na Kazimzumbwi, na ukivuka kwenda Kisarawe na Mkuranga mapori yanaendelea. Mgeni wa mara kwa mara ni fisi. Chui ni nadra, naye akipita huwa unaona nyayo tu. Chatu humeza kuku na watoto wa mbuzi, na kicheche na fungo ni wezi wa banda la kuku. Hao si wa bunduki hata kidogo. Simba na mamba ni habari za wenye mashamba Rufiji, nitawafikia.

Nimesikia kishindo bandani usiku. Nitoke na bunduki?

Hapana. Baki ndani kwanza.

Najua jibu hili halipendezi, hasa kwa mwanaume ambaye mke na watoto wanamwangalia. Lakini fikiria unachotaka kukifanya: unatoka usingizini, macho hayajazoea giza, moyo unadunda, miguuni una kandambili, mkononi una silaha yenye risasi, na huko nje kuna mbuzi, mbwa, mlinzi wa jirani, labda na kijana wako mwenyewe aliyewahi kutoka kwa mlango wa nyuma. Katika orodha hiyo fisi ndiye mwenye nafasi kubwa ya kutoka salama, maana yeye anakuona na wewe humwoni.

Washa taa zote za nje. Piga kelele, gonga sufuria, gonga bati. Fisi akiwa peke yake au wawili ni mwoga wa mwanga na makelele ya watu. Mara nyingi anaondoka kabla hujamaliza kutafuta ufunguo. Mpigie jirani, halafu mjumbe. Hakikisha kwa kuhesabu kwamba watu wote wa nyumba wako ndani. Mbuzi mmoja ana bei, na bei yake inajulikana.

Ukilazimika kutoka kwa sababu kuna mtu hatarini huko nje, toka na mwenzako. Mmoja ashike tochi, mwingine silaha, na mwenye tochi asitangulie mbele ya mtutu.

Nikimulika tochi na kuona macho yanang'aa, si tayari nimemjua?

Hapa nitasimulia jambo ambalo sipendi kulisimulia.

Miaka kadhaa iliyopita, msimu wa vuli, mbwa wangu walibweka kwa namna ile ya kurudi kinyumenyume. Nikatoka. Nikamulika kwenye ua wa michongoma na nikaona macho mawili ya kijani, yametulia, kimo cha kiuno. Fisi wanakuwa na kimo hicho. Niliinua bunduki, nikaisukuma kufuli ya usalama mbele kwa kidole gumba. Ule mlio mdogo wa "tik" bado naukumbuka kuliko kitu chochote cha usiku ule. Macho yakapepesa. Kisha mnyama akakohoa, kikohozi cha ng'ombe. Ulikuwa mtamba wa jirani, umekata kamba. Na nyuma yake, hatua kama nne, alikuwa amechuchumaa kijana wa kuchunga ambaye alikuja kuutafuta bila tochi. Yeye macho yake hayakung'aa. Ya binadamu hayang'ai hivyo.

Fisi, chui, mbwa, paka, mbuzi, ng'ombe, komba juu ya mwembe: wote wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga, na rangi hubadilika kwa pembe ya tochi. Macho yanakwambia kuna mnyama. Hayakwambii ni nani, na hayakwambii kabisa kuna nani nyuma yake. Mpaka uone mwili mzima, mgongo wa fisi ulioinama kwa nyuma, masikio ya mviringo, madoa, wewe bado hujaona kitu.

Ndiyo maana sikubaliani na tochi ya kufungwa kwenye mtutu kwa kazi ya nyumbani. Ukiitumia kutafuta, kila unachokimulika umekielekezea bunduki, akiwemo mama mkwe anayekwenda msalani.

Risasi ikimkosa mnyama inakwenda wapi?

Hili ndilo swali ambalo natamani lingeulizwa kuliko yote, na huulizwa na wachache.

Risasi ya bunduki ya kuwindia, ile ya risasi moja moja nzito, husafiri zaidi ya kilomita 3. Hata ile ndogo ya .22 ambayo watu huiita ya kuchezea hupita kilomita moja na nusu. Marisau madogo ya ndege huishiwa nguvu baada ya mita 200 hadi 300, makubwa yanakwenda mbali zaidi ya hapo. Sasa simama nyumbani kwako uhesabu hatua mpaka dirisha la jirani. Kwangu ni hatua 41. Kiwanja cha kawaida cha mjini ni mita 20 kwa 20, na hata sisi tunaojiita wa mashambani tumeshauza vipande pembeni mpaka tunasikia redio za wenzetu.

Bati halizuii risasi. Mbao hazizuii. Ukuta wa udongo na fito hauzuii. Tofali la saruji la inchi 5 lililofyatuliwa kwa mchanga mwingi, kama tunavyoyajua matofali yetu, usiliamini. Kinachozuia risasi ni udongo mwingi: tuta, kilima, au ardhi yenyewe ukilenga kutoka juu kwenda chini. Mwamba na maji huirudisha ikaenda usikotarajia.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Risasi ya mbali inaua jirani.

Fanya zoezi hili mchana: zunguka nyumba yako na ujiulize, nikisimama hapa, ni upande gani ambao risasi ikipita inaishia kwenye udongo? Mimi nimepata upande mmoja tu, ule wa shimo la zamani la kuchimba kifusi. Pande tatu zilizobaki nimejikataza moja kwa moja, hata aje simba.

Basi nifyatue juu kumtisha?

Kilichopanda kitashuka, na Chanika ya leo si pori tupu. Zaidi ya hapo, mlio wa bunduki usiku kwa majirani maana yake ni majambazi. Watu watatoka na mapanga, mwingine mwenye silaha naye atafyatua, polisi watakuja, na wewe utakuwa wa kwanza kuulizwa. Sufuria na bati vinafanya kazi ileile bila maelezo ya kituoni.

Kanuni za msingi za kushika bunduki ni zipi?

Kila bunduki ihesabu ina risasi, hata uliyoitoa risasi mwenyewe sasa hivi. Mdomo wa mtutu usielekee kitu ambacho hutaki kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeshaamua kupiga. Jua unachokilenga, na kilicho mbele na nyuma yake.

Ni nne tu, na ajali karibu zote unazozisikia zimevunja mbili kwa pamoja. Nyongeza yangu: kufuli ya usalama ni chuma, na chuma huchakaa. Usiitegemee. Na ukiwa umeonja hata glasi moja, bunduki haipo. Sahau kama unayo.

Ukitembea nayo shambani, itembee bila risasi kwenye chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Ile ya kukunja ibebe imekunjwa, kila mtu aone matundu yako wazi. Ukivuka uzio au mtaro, toa risasi kwanza. Kuteleza kwenye tope la masika ni sekunde moja.

Ndani ya nyumba ikae wapi?

Kwenye kabati au sanduku la chuma lililofungiwa ukutani, limefungwa kwa kufuli, bunduki ikiwa tupu. Risasi mahali pengine, nazo chini ya kufuli. Ufunguo na mwenye leseni.

Si chini ya godoro, si juu ya kabati la nguo, si nyuma ya mlango. Mtoto wa miaka sita anajua ulipoficha sukari. Unadhani hajui ulipoficha bunduki? Na usilale nayo ikiwa imekokiwa eti fisi wamezidi. Mtu akishtuka usingizini hana akili kwa muda, na muda huo unatosha.

Watu hunijibu kwamba kwa utaratibu huu itachukua dakika mbili kuitoa. Ndiyo. Dakika mbili hizo ni za kuwasha taa, kuhesabu watoto na kuamka vizuri.

Bunduki yangu haijatolewa mwaka mzima. Iko tayari?

Haiko. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, chuma kinaota kutu ndani ya wiki chache za masika. Halafu kuna nyigu. Wale wanaojenga vijumba vya udongo kwenye matundu ya funguo na mabomba hawaoni tofauti kati ya bomba na mtutu. Mtutu ulioziba kwa udongo, kitambaa kilichosahauliwa au hata mafuta mengi yaliyoganda unaweza kupasuka usoni mwako.

Itoe mchana. Hakikisha ni tupu, kwa macho na kwa kidole. Angalia mwanga kupitia mtutu kutokea upande wa nyuma. Pitisha kitambaa kikavu, kisha chenye mafuta kidogo, kisha kikavu tena. Risasi zenye kutu, ganda la karatasi lililovimba, au zilizolowa maji usizijaribu, zipeleke polisi. Na usichanganye saizi: risasi ya namba 20, ambayo ndiyo nyembamba, ikiingia kwenye bunduki ya namba 12 huteleza ikakwama mbele, halafu ukiweka ya 12 nyuma yake umetengeneza bomu.

Nimefyatua, haikulia.

Usiifungue. Usiigeuze kuichungulia. Shikilia mtutu ukielekea kwenye udongo, hesabu sekunde 30 taratibu, maana baruti inaweza kuchelewa kushika. Kisha itoe risasi bila kuweka uso nyuma yake.

Ikilia kwa sauti hafifu isiyo ya kawaida, kama "puf", acha kabisa. Huenda kuna kitu kimekwama ndani ya mtutu, na risasi ya pili ndiyo itakayokuumiza.

Nimemjeruhi mnyama, amekimbilia kichakani. Nimfuate?

Usimfuate, na zuia vijana wasimfuate na mikuki na mbwa. Chui aliyejeruhiwa hakimbii mbali. Hulala kimya kwenye nyasi na kusubiri mtu akaribie. Wawindaji wa kazi, wenye uzoefu wa miaka, hulihofia jambo hilo kuliko lingine. Toa taarifa, weka watu ndani, subiri askari wa wanyamapori mchana. Hii ni sababu nyingine ya kutopiga kwa mashaka: risasi mbaya hukubadilishia mnyama aliyekuwa anaondoka.

Sheria inaniruhusu kumuua?

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya 2009, inatambua kumuua mnyama katika kutetea uhai wa mtu au mali, pale hatari ilipo kweli na hakuna njia nyingine. Haimlindi aliyeingia hifadhini, aliyekuwa anawinda bila kibali, au aliyemchokoza. Na ukishaua, unatoa taarifa haraka kwa afisa wanyamapori au kituo cha polisi. Mwache mnyama alipoangukia. Usimsogeze, usimchune, usipige naye picha za kujisifu.

Fisi anayepita barabarani saa kumi na moja alfajiri akirudi msituni hakutishii kitu. Kumpiga huyo ni kuwinda.

Je, mkia au ngozi naweza kuchukua?

Ni nyara ya serikali. Hata jino, hata nywele. Najua wanaovitafuta na wanavyovitafutia, na waganga wao hawatakuja kukutetea mahakamani. Kesi za nyara huangukia kwenye uhujumu uchumi.

Nataka bunduki yangu. Naanzia wapi? Au niazime yako?

Yangu haiazimwi. Leseni ni ya mtu na silaha yake. Nikikupa tumevunja sheria wote wawili.

Kwa yako mwenyewe, safari huanzia serikali ya mtaa, inapita ngazi za juu mpaka polisi na kamati za ulinzi na usalama. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka uwe na leseni na uthibitike una uwezo wa kuitumia. Watakuuliza unaihitaji kwa nini, utaitunza wapi, tabia zako zikoje. Watu hulalamika kwamba ni mlolongo. Mimi niliona mlolongo unafaa, ingawa faili langu mahali fulani lilipotea mara mbili na nikaanza upya kupiga picha za pasipoti.

Mzee alifariki akaacha bunduki. Na babu ana gobore darini.

Bunduki ya marehemu hairithiwi kama shamba. Ipelekeni polisi mara moja pamoja na leseni yake. Mrithi anayeitaka anaomba kwa jina lake. Gobore lisilo na kibali nalo ni silaha haramu, hata kama babu aliwahi kufukuzia nguruwe pori nalo. Jeshi la Polisi hutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa. Tumieni nafasi hizo. Kabla ya kulibeba mjue linaweza kuwa limeshindiliwa baruti tangu zamani. Msiliguse, waiteni polisi walichukue.

Sumu si ni rahisi zaidi?

Sumu haichagui. Mwaka 2018, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mizoga iliyotiwa sumu iliua simba na makumi ya tumbusi. Hapa kwetu itaua mbwa wa mtaa mzima, na kuku wako watadonoa kilichobaki. Mitego ya waya nayo ni haramu.

Nimekutana naye njiani, sina kitu mkononi.

Usikimbie. Usimgeuzie mgongo. Simama wima, mbebe mtoto, nyanyua kanga au mkoba uonekane mkubwa, ongea kwa sauti nzito, rudi nyuma polepole. Mpe njia ya kutokea.

Nina shamba Rufiji. Huko si lazima bunduki?

Huko mambo ni mazito zaidi, lakini jibu langu halibadiliki sana. Kati ya Agosti 2002 na Aprili 2004 simba mmoja alisumbua vijiji vya Rufiji na kuua watu wasiopungua 35. Alipopigwa na askari wa wanyamapori alikutwa na jipu kubwa chini ya gego. Watafiti walihesabu zaidi ya watu 560 waliouawa na simba Tanzania tangu 1990 hadi miaka hiyo, wengi wao kusini mashariki. Chanzo kimoja kikubwa kilikuwa nguruwe pori: wakivamia mashamba, wakulima hulala kwenye madungu kuyalinda, simba wanaofuata nguruwe wanawakuta watu.

Kwa hiyo dungu liwe juu, imara, lenye kuta na mlango, na asilale mtu mmoja. Jihadharini hasa usiku wa kwanza kwanza baada ya mwezi mpevu, zile saa za giza kati ya machweo na mwezi kuchomoza. Simba akishaonekana, kazi ni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Mamba hapigwi kutoka ukingoni. Choteni maji kwa ndoo yenye kamba ndefu, na msifulie mahali pamoja kila siku.

Akifa mtu au akijeruhiwa kuna kifuta machozi, mazao na mifugo kuna kifuta jasho, kwa kanuni za 2011 na marekebisho yake. Hakuna malipo bila taarifa ya mapema, basi wahini ofisi ya kijiji.

Mtoto ameng'atwa au kuparurwa.

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kwa saa, siyo kwa makisio. Kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo, hata kama mnyama alionekana mzima. Kichaa kikishaanza kuonyesha dalili hakuna dawa.

Nifanye nini asirudi?

Chungulia nyuma ya banda la kuku. Robo ya majirani wangu wanafuga broila, na vifaranga wanaokufa hutupwa korongoni pamoja na utumbo na manyoya ya siku za kuchinja. Tumemwandalia fisi karamu, halafu tunashangaa amekuja. Fukia kwa kina cha mita moja, weka chokaa, funika kwa miba. Kondo la mbuzi aliyezaa lifukie usiku uleule.

Mbuzi walale kwenye banda lenye paa na mlango unaofungwa kwa komeo, siyo kamba. Waya mzito uzikwe chini angalau futi moja, maana fisi anachimba. Taa ya sola ya kujiwasha yenyewe akipita kitu, mbwa wawili waliochanjwa, na vichaka vilivyofyekwa mita kumi kuzunguka banda. Mimi nilitumia pesa hizo kwa awamu tatu, kila nikiuza mbuzi.

Wewe mwenyewe umewahi kumpiga fisi?

Sijawahi. Boksi langu lilikuja na risasi 25. Zimebaki 18, na zile 7 zimeingia kwenye kibao cha shabaha.